Mwandiko Mpya wa Koplo Kezironi

Mbarara, pale barabara ya Ibanda inapoanza kuupa mji kisogo, palikuwa na ubao mrefu wa mvule uliolazwa juu ya mapipa mawili, mbele ya kibanda cha kutengeneza baiskeli. Watu waliuita Kamati. Mwaka ule wa 1988 Kamati ilikuwa na wajumbe watatu wasiokosa hata siku ya mvua. Wa kwanza Jovan, mwenye kibanda, jina la utani Redio, kwa kuwa aliongea tangu asubuhi mpaka betri ziishe, na betri zake hazikuwa zinaisha. Wa pili Hudu, mwuza nyama, aliyeitwa Mfupa kwa sababu alimwongezea kila mteja mfupa akamwambia ni zawadi. Wa tatu Zubairi Karani, ambaye kwa miaka kumi na minne alipanga mafaili katika ofisi fulani mjini, ofisi ikafa, yeye akabaki na kalamu mbili kifuani na elimu ambayo hakuna aliyemwomba. Kahawa ilikuwa ya Yudaya, mwanamke mpole wa mkono lakini si wa ulimi, mwenye birika juu ya jiko la makaa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Na kwa miezi miwili sasa, mwisho wa ubao, upande unaotazama barabara, alikaa pia Koplo Kezironi, ambaye hakuwa mjumbe wala mgeni, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa koti la jeshi, jua liwake, mvua inyeshe.

Asubuhi hiyo lori la maziwa kutoka Bwizibwera lilifika saa tatu kama kawaida yake. Dereva alitoa kichwa dirishani, akamrushia Kezironi bahasha nene.

— Koplo! Mama watoto huyo!

Kezironi aliidaka kwa mkono wa kushoto, akaipasua kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi tatu. Akasoma ya juu, akairudia, kisha akampa Zubairi.

— Niisome kwa sauti? aliuliza Zubairi.

Kezironi akatikisa kichwa kukubali. Barua ilikuwa ya Kinyankore, na Zubairi aliigeuza Kiswahili papo hapo ili Hudu na Yudaya wasipitwe:

— "Wewe unayejiita Kezironi, salamu. Barua yako imenifikia. Nimeirudisha humu kwa sababu si yangu. Nimekuwekea na barua moja ya mume wangu, uone anavyoandika mtu aliyenioa. Herufi zake zinakwenda mbele kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Zako zinarudi nyuma. Ndugu yangu, kama mume wangu amekufa, niambie kwa maneno yako mwenyewe, usivae ya kwake. Nina watoto wawili, na kila jioni wananiuliza. Mimi Norah."

Wote wakageuka kumtazama Kezironi.

— Banange, jamani! alisema Jovan. Koplo, umekufa na hukutuambia.

Hakuna aliyecheka, hata Jovan mwenyewe.

Wote walijua habari ya ule mkono, kwa kuwa Kezironi aliwasimulia mara moja na akawaomba wasimrudishe tena huko. Kule kaskazini, wakati wanashusha magunia ya unga, mlango wa nyuma wa lori ulimwangukia. Vidole vitatu vikaenda, viwili vikabaki vimekakamaa kama vijiti. Hakupigwa risasi. Hilo ndilo lililomuuma, maana risasi angalau ina hadithi ya kuwapa wajukuu. Alipotoka hospitali aliletwa kambini Mbarara kungoja karatasi za kustaafu, na huko, juu ya vipande vya mfuko wa saruji, akaanza kuufundisha mkono wa kushoto kuandika, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulipoweza kusimama wenyewe alimwandikia mkewe: "Mimi mzima. Hakuna kilichobadilika. Nangoja karatasi, nitakuja." Habari ya vidole hakuiandika.

Jambo ambalo hakuwaambia Kamati ni lile alilolibeba kifuani. Mkono ule wa kulia ndio uliompatia mke. Shuleni Bwizibwera mwalimu alimpa chaki yeye aandike ubaoni badala ya mwalimu. Kanisani waliposajili waliobatizwa, daftari aliandika yeye. Norah alipokea barua zake nne kabla hajamtazama vizuri usoni, na siku ya harusi alimnong'oneza: "Mwandiko wako niliupenda kabla yako wewe." Kezironi alicheka siku ile. Kwa miaka tisa ya jeshi alimwandikia kila mwezi, na kila mwezi aliyakumbuka maneno yale akanyoosha mistari vizuri zaidi. Sasa yalimrudia kila alipoingiza mkono mfukoni.

— Tulieni, alisema Zubairi. Aliinuka, akafuta viganja kwenye suruali, akazilaza barua mbili juu ya ubao, ya zamani huku na mpya kule, akaziwekea vikombe juu zisipeperuke. Hii ni kesi ya kitaalamu. Na mtaalamu mko naye.

— Mtaalamu wa faili, alisema Hudu.

— Faili ni nini kama si mwandiko wa watu? Miaka kumi na minne, ssebo! Barua za kuomba kazi, za kuomba likizo, za kuombea msiba usiokuwepo. Kabla sijasoma neno hata moja nilikuwa najua: huyu mwongo, huyu mlevi, huyu ana wake wawili na hawajuani.

— Wake wawili ulijuaje?

— Mkia wa herufi g. Ukijipinda mara mbili, basi.

Yudaya, akimimina kahawa, alisema bila kuinua macho:

— Marehemu mume wangu hakujua kuandika hata jina. Na alikuwa nao watatu.

— Mwenye macho haambiwi tazama, nyabo, alijibu Zubairi kwa heshima kubwa, na kwa kuwa methali ile haikuwa na uhusiano wowote na jambo lile, hakuna aliyeweza kuipinga.

Akainamia barua ya zamani.

— Huyu sasa. Herufi zinaegemea kulia, na kulia ndiko mstari unakoelekea, ndiko watu waliko. Mtu huyu anawaendea watu. Ana moyo. Ana haraka kidogo, lakini hapigi watoto. Mviringo wa o umefungwa vizuri: siri ukimpa, inalala. Ningekuwa na binti, ningempa.

— Na huu mpya? aliuliza Kezironi. Alijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

— Huu mpya... Zubairi alivuta pumzi. Lo! Umeegemea nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Huyu anaficha kitu. Nafasi kati ya neno na neno kubwa: mpweke. Herufi hazishikani mikono: hana ndugu. Mstari unapanda, unashuka: anaogopa maji. Nampa miaka sabini, na hajaoa.

— Lakini huyo ni mimi, Karani. Hiyo barua niliandika mimi, pale kambini, juu ya sanduku.

— Mimi nasoma karatasi, Koplo. Wewe sikusomi.

Jovan alicheka mpaka akashika goti. Kezironi naye alitabasamu, lakini yale ya kuficha kitu na ya upweke yalimwingia kama mwiba mwembamba, ule unaoingia bila damu. Maji hakuyaogopa. Ila mengine mawili, nani alimwambia Karani?

— Mimi nakataa, alisema Hudu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya polepole, na Kiswahili chake alikiokota sokoni na machinjioni. Wewe unasoma juu-juu. Mimi nafungua watu ndani.

— Unafungua ng'ombe, Mfupa.

— Ng'ombe, mtu, yote iko na maini. Sikiliza. Tumbo kubwa ya ng'ombe iko upande gani? Kushoto! Miaka ishirini nachinja, bado sijaona iko kulia. Sasa mkono wa kushoto ni jirani ya nani? Ya tumbo. Mkono wa kulia ni jirani ya maini, na maini ndiyo iko na mapenzi. Koplo alikuwa anaandika na maini. Sasa anaandika na tumbo. Bibi amesoma barua, amesikia njaa, si mapenzi. Haki yake kukataa!

— Kwa hiyo nifanye nini? aliuliza Kezironi.

— Kula kwanza, halafu andika. Na ule mkono usiuchukie. Wahenga wamesema, mkono usioweza kuukata, ubusu.

— Wangu umeshakatwa, Hudu.

Hudu alifikiri.

— Basi busu iliyobaki.

Yudaya alimwongezea Kezironi kahawa bila kuombwa. Alikuwa amemzoea: akiguswa, hunywa haraka. Lakini asubuhi hiyo kikombe kilikaa ubaoni kikapoa, na hilo Yudaya aliliona, wanaume hawakuliona.

Jovan alikuwa akingoja zamu yake kwa taabu. Alikuwa ameshika gurudumu la baiskeli ya mwalimu fulani tangu asubuhi na hakuwa amekaza hata spoki moja.

— Mmemaliza? Kale, basi. Mimi nilisikia redioni, na si mara moja, kwamba huko Ulaya mtu akiua, polisi hawatafuti kisu. Wanatafuta barua yake wanaitazama herufi t. Ile fimbo ya t ikiwa juu sana, wanamfunga.

— Bila shahidi? aliuliza Zubairi.

— Herufi ni shahidi! Sasa mnaniuliza mimi, mkono wa kushoto ni wa nani? Kwetu sisi, upande wa kulia ni wa baba, upande wa kushoto ni wa mama. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo, walisema, kwa sababu hawakuona hatari bado.

— Basi barua ile haikuandikwa na Kezironi wa baba yake. Imeandikwa na upande wa mama. Na upande wa mama mkubwa wake ni nani? Mjomba! Koplo, mkeo amepokea barua ya mapenzi kutoka kwa mjomba wako.

— Astaghafirullah, alisema Yudaya.

— Ndiyo maana ameirudisha! Mwanamke mwenye adabu zake. Angeijibu ingekuwa mwiko, ungelazimika kuchinja.

— Kuchinja nipo, alisema Hudu.

— Tena mimi nakwenda mbali zaidi. Jovan aliliweka gurudumu chini, ishara kwamba anakwenda mbali kweli. Mwandiko ni mtu. Karani amesema, mimi nakubali. Mwandiko ukienda, mtu ameenda. Kezironi wa kwanza alibaki kule kaskazini chini ya ule mlango wa lori, Mungu amrehemu. Huyu hapa ni wa pili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hajui watu, anajifunza tu. Tangu aje hapa amewahi kucheka mara ngapi? Kahawa yake anatia sukari vijiko vinne, na ile barua ya zamani inaonyesha mtu wa kijiko kimoja.

— Kijiko kimoja na nusu, alisema Zubairi, akiitazama ile o kwa makini.

— Kwa hiyo huyu wa pili atafute mshenga, apeleke ng'ombe kwa wakwe upya, amchumbie Norah kama mjane. Si aibu. Atapendwa, labda.

Kezironi alisikiliza. Angekuwa siku nyingine angewaambia waache upuuzi. Lakini mtu aliyekaa miezi miwili akiitazama barabara huanza kuamini chochote kinachosemwa kwa sauti kubwa. Alijiuliza kama kweli zamani alikuwa akitia kijiko kimoja. Hakukumbuka. Akakumbuka kwamba kijana wake wa pili alimwacha hajaota meno ya mbele, na sasa lazima anayo. Hilo lilimuuma kuliko yote, na si Karani wala Redio aliyelisoma popote.

— Dawa ninayo, Zubairi alisema ghafla.

Akachomoa kalamu yake moja kifuani, ile nzuri, akavuta karatasi safi kutoka kwenye daftari lake.

— Niachieni nusu saa. Mwandiko huu wa zamani naweza kuuiga mpaka nukta. Kule ofisini mkubwa alikuwa akisafiri, sahihi yake ilikuwa haisafiri. Mnanielewa. Tunamwandikia Norah kwa mkono wa yule yule mume wake, lori likirudi saa saba linakwenda nayo. Kesho mama analala usingizi.

— Ndiyo! alisema Jovan. Si nilisema Karani ana akili?

Kezironi hakukataa. Zubairi aliinama, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule, akaandika polepole, na Kezironi akasimama nyuma yake. Herufi zilianza kutoka. Ile N yake ya kwanza, yenye mguu mrefu. Ile r iliyokuwa ikimletea sifa. Zilitoka moja baada ya nyingine, zikaegemea mbele, zikashikana mikono, mpaka mstari mzima ukasimama pale: "Norah wangu, ni mimi, usiogope."

Kezironi aliinama aone karibu zaidi. Ilikuwa kama kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chumba ambacho hayumo. Mwandiko ule alidhani hauko tena duniani, kumbe uko, tena mkononi mwa mtu anayevuta ugoro na kukoroma mchana.

— Sasa wewe Karani, aliuliza Hudu akiitazama kwa wasiwasi, kama mwandiko ni mtu, sasa hivi wewe ndiye Koplo?

— Usilete fujo. Huu ni utaalamu.

— Mimi nauliza tu. Kwa sababu kama wewe ndiye Koplo, bibi ni wako.

— Hudu!

— Nauliza tu.

Zubairi alimaliza, akapuliza wino, akaikunja karatasi mara tatu, akampa Kezironi kama mganga anayekabidhi dawa. Kezironi aliipokea. Ilikuwa nyepesi. Aliitia kwenye mfuko wa kifuani, akahisi ahueni, kisha akahisi kitu kingine ambacho hakukipenda, akakaa chini.

Saa sita na nusu hivi, jua likiwa kichwani, alitokea mwanamke mmoja na mzigo wa mikeka kichwani, kitenge kimefungwa barabara, miguu ina vumbi la safari. Aliutua mzigo kwa uangalifu, akawasalimia.

— Jambo wote. Munisamehe. Fasi ya kukaa iko? Niko nangojea motokari ya Rwekubo.

— Kaa, mama, kaa, alisema Yudaya, akamsogeza Hudu kwa kiwiko. Umetoka wapi na mikeka yote hiyo?

— Natoka Nakivale, kambi ya wakimbizi karibu na Rwekubo, nilileta mikeka ku soko. Hii imebaki, narudi nayo. Jina yangu Nabintu. Kwetu ni Zaire, pale Bukavu.

Yudaya alimpa kahawa. Mama Nabintu aliipuliza, akaionja, tangawizi ikamkohoza, akacheka. Kisha akaziona zile barua mbili ubaoni chini ya vikombe.

— Hii mitihani?

Swali hilo lilikuwa mlango, na Kamati ikaingia yote kwa pamoja. Walimweleza habari ya mkono, ya barua, ya Norah. Zubairi alimweleza kulia na kushoto, Hudu akamweleza maini, Jovan akamweleza mjomba na polisi wa Ulaya. Mama Nabintu alisikiliza mpaka mwisho, akigeuka kumtazama kila anayesema. Kisha akamtazama Kezironi, ambaye peke yake hakusema.

— Miye mama yangu iko kule Bukavu, alisema. Hajue kuandika. Barua yake inaandikwa na batu, leo huyu, kesho mwingine. Mwandiko mingi, mingi. Moja ilikuwa ya mupadri, nzuri sana. Ingine ilikuwa ya mutoto, hata kusoma ni shida. Lakini kila barua najua ni mama.

— Unajuaje? aliuliza Zubairi, mtaalamu akimhoji mtaalamu.

— Kila mara anauliza kama nimekula.

Zubairi aliinamia ubao tena. Aliitazama barua ya zamani, akaitazama ya mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza siku ile ilionekana anasoma maneno yenyewe.

— Barua yenu inakaa siku ngapi njiani, mama? aliuliza Yudaya.

— Ikikuwa na bahati, miezi sita. Inapita mu batu wengi. Miye siwezi kurudi kule, na yeye muzee, hawezi kuja huku. Kuko mipaka, kuko maaskari, kuko mambo. Basi ni barua tu. Mama Nabintu alikunywa kahawa yake, akamgeukia Kezironi kwa upole wa mtu anayetaka kuelewa jambo asije akampa mwenzake pole isiyotosha. Na ile Bwizibwera ya bibi yako, koplo, iko mu inchi gani?



Hudu alitazama viatu vyake. Zubairi aliirudisha kalamu kifuani, ikakosa mfuko, akaitia tena. Jovan Redio, ambaye hata msibani huwa hanyamazi, alichukua gurudumu la mwalimu akaanza kukaza spoki. Bwizibwera ilikuwa pale, mbele, barabara hiyo hiyo waliyokuwa wakiitazama. Lori la maziwa lilikwenda na kurudi kila siku likiwa na nafasi nyuma, kati ya madebe. Mtu akitoka Mbarara akiwa na kikombe cha kahawa ya moto na barabara iwe njema, angefika nacho kikiwa vuguvugu. Miezi miwili!

— Si mbali, alisema Kezironi mwishowe. Akaitazama barabara. Si mbali kabisa, mama.

Mama Nabintu hakuuliza zaidi. Alikuwa ameuliza kwa sababu hakujua, basi.

Lori lilipiga honi kule chini, likapanda polepole, madebe matupu yakigongana nyuma. Kezironi aliinuka. Alitoa ile karatasi kifuani, herufi zote nzuri zikiwa zimekunjwa mara tatu, akaiweka ubaoni mbele ya Zubairi.

— Karani, asante. Kaa nayo.

— Hutaipeleka? Nimeumia kiuno!

— Ni nzuri mno, alisema Kezironi. Akazichukua zile barua mbili na ya Norah, akazitia mfukoni, akamwinamia mama Nabintu kidogo, kama wanavyowainamia wakubwa kwao. Mama, safari njema Nakivale.

— Na wewe vilevile. Umusalimie bibi.

Alikimbia. Hawakuwahi kumwona akikimbia. Dereva alipunguza mwendo, Kezironi akashika ubavu wa lori kwa mkono wa kushoto, akaona hautoshi, akautoa wa kulia mfukoni mbele ya watu wote na mchana kweupe, akaingiza vile vidole viwili kwenye kamba ya turubai, navyo vikashika. Vilishika vizuri kuliko alivyotegemea.

Huko Bwizibwera walifika kabla ya saa nane. Pale kituo cha maziwa palikuwa na wanawake wanne wanasugua madebe kwa mchanga na majivu, na mmoja wao, aliyefunga kitambaa cha bluu, alikuwa Norah. Aliliona koti kwanza. Akasimama wima, maji yakimtiririka mikononi, asikimbie, asipige kelele, akija polepole kama mtu anayemkaribia ndege asije akaruka. Alimtazama usoni muda mrefu. Wenzake waliacha kusugua.

— Ile barua niliandika mimi, Kezironi alisema. Hakuweza kupata salamu.

— Kwa mkono gani?

Akainua wa kushoto.

— Na huo mwingine?

Akauleta mbele. Norah aliushika kwa viganja vyake vya maji na majivu, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akapitisha kidole mahali palipokuwa na vidole. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

— Iliuma?

— Iliuma.

— Kwa nini hukuniandikia?

— Nilikuwa sina mwandiko wa kukuandikia, Norah. Wewe ulipenda ule.

Norah akamtazama kama aliyesikia lugha ngeni. Kisha akakumbuka maneno ya siku ile ya harusi, na uso wake ukalegea, akaelekea kucheka, akaelekea kulia zaidi. Alikuwa bado hajaamua afanye lipi lilipomjia swali jingine.

— Ulikuwa hospitali mpaka lini?

— Niliruhusiwa zamani. Nilikuwa Mbarara, nangoja karatasi.

— Mbarara tangu lini?

Kezironi alitazama madebe.

— Miezi miwili.

Norah aliuachia mkono. Aliokota kitambaa cha kusugulia, kimelowa chapa, akampiga nacho begani, paa! maji yakaruka.

— Miezi miwili! Kezironi! Maziwa haya yanakwenda Mbarara kila siku ya Mungu, madebe naosha mimi, na wewe uko huko unakaa? Unafanya nini huko?

— Nakunywa kahawa, alisema, kwa kuwa uongo haukuja.

— Kahawa! Jamani, mmemsikia? Kahawa! Mimi nimekwisha kumchagulia marehemu nguo!

Wale wanawake watatu walishindwa kujizuia, wakaangua kicheko, dereva naye akacheka mpaka akaegemea bampa. Norah alimpiga tena na kitambaa, kisha akamshika koti kwa mikono miwili, akalaza paji la uso kifuani mwake kwa kitambo kidogo, akanyanyuka akaendelea kufoka pale pale alipoachia. Alimtwika debe begani, akatangulia njia ya nyumbani, akimhesabia siku moja moja tangu ile ya kwanza, nini alipika siku hiyo, nani aliumwa, mtoto gani aliuliza nini. Kezironi alimfuata nyuma, debe begani, anaitikia "ndiyo, mke wangu" kila Norah alipovuta pumzi, na watu waliokutana nao njiani walishangaa kuona mtu anatukanwa hivyo huku anatabasamu.

Walipofika mlangoni, Norah alikuwa bado anahesabu mwezi wa kwanza kati ya ile miwili.